Nionyeshe ulipokwama

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, na hisabati na sayansi zinanitesa. Tukipewa maswali ya kufanya nyumbani, kila nikikwama naomba msaada. Namuuliza kaka, natuma picha ya swali kwa wenzangu, na siku hizi nauliza hata akili mnemba. Majibu napata, na daftari langu limejaa vema. Lakini mtihani ukija sifikishi hata nusu. Mama anasema dawa ni kuacha kuulizauliza, nikae na swali mpaka nilitoe mwenyewe. Je, kuomba msaada ndiko kunakoniponza? Halafu kuna hili limenishinda tangu juzi: jiwe linarushwa juu wima kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde kutoka juu ya jengo lenye kimo cha mita 25, litafika chini baada ya sekunde ngapi? Kila nikiingiza kwenye kikokotoo kinaniandikia kosa. Naomba jibu.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na maneno yaliyonishika ni yale ya mwisho, kwamba kila ukiingiza kwenye kikokotoo kinakuandikia kosa. Katika barua nzima, hapo tu ndipo ulipotaja kitu ulichokifanya kwa mkono wako kikakukatalia. Kwingine kote umetaja majibu ya watu. Nitarudi hapo, kwa sababu ndani ya hilo kosa la kikokotoo mna somo zima, na ninavyoamini ulikuwa umebakiza alama moja tu ufike.

Kwanza la mama. Wasiwasi wake una msingi: anaona daftari lenye vema tupu na karatasi ya mtihani isiyofanana nalo, naye anajua kuna kitu hakiko sawa. Lakini dawa aliyoiagiza ni kali kupita kiasi. Mtoto akiachwa saa tatu mbele ya swali ambalo msingi wake hana, atatoka hapo amelichukia somo, na swali bado halijatoka. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper, watafiti waliokuwa Australia, walilipima jambo hili kwa wanafunzi waliokuwa wakijifunza aljebra. Wengine walipewa maswali wayatatue wenyewe. Wengine walipewa sehemu ya maswali hayo yakiwa yameshakokotolewa, wayasome hatua kwa hatua. Walipoletewa maswali mapya ya aina ileile, wale waliosoma mifano iliyofanywa walimaliza kwa muda mfupi zaidi na kwa makosa machache zaidi. Kwa hiyo kutazama jinsi mwingine alivyolifanya swali si uvivu, na unaweza kumsomea mama sehemu hii kwa heshima zote.

Tatizo lako ni mahali unapoombea. Unaomba ukiwa bado mlangoni. Picha ya swali inamweleza msaidizi jambo moja tu: swali linasemaje. Haimwelezi umejaribu nini, umefika wapi, ni mstari gani uliokugeukia. Naye, kwa kuwa hajui, anafanya lililo rahisi kwake: analitatua lote tangu mwanzo, kwa njia yake, anakurudishia. Wewe unapokea mistari minane. Saba kati ya hiyo ungeweza kuiandika mwenyewe. Ule mmoja usioujua umejificha katikati ya ile saba, na unapita juu yake bila kuusikia. Ukimaliza kunakili unahisi umeelewa, maana kila mstari ulipokuwa unausoma ulikubali.

Mwaka 1989 Michelene Chi na wenzake walichapisha utafiti mdogo ambao mimi nimekaa nao miaka mingi. Waliwakalisha wanafunzi wachache wasome mifano ya fizikia, maswali ya nguvu na mwendo yaliyokwisha kutatuliwa, wakawaomba waseme kwa sauti kila wanachowaza. Wale ambao baadaye walifanya vizuri walikuwa wakisimama njiani na kujieleza: nguvu hii imetoka wapi, mbona hapa wamechora mshale kuelekea huku. Na hao hao ndio waliosema mara nyingi zaidi kwamba hawajaelewa, tena wakitaja ni nini hasa. Wale waliofanya vibaya walisoma wakaona mambo ni shwari. Ulipofika wakati wa kutatua maswali, wa kwanza walirudi kwenye mfano kutafuta kitu kimoja wanachokihitaji. Wa pili waliuanza mfano upya kutoka juu, wakausoma wote.

Nilipousoma utafiti huo mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Miaka yote nilikuwa nawahesabu wanafunzi wanaosema "sijaelewa" kuwa ndio dhaifu.

Sasa twende kwenye jiwe. Hukuniandikia hatua zako, lakini nimesahihisha maswali ya namna hii kwa muda mrefu, na kikokotoo hakikatai bure. Nadhani najua ulichoandika. Ulichukua kanuni ya mwendo, s = ut + ½at², ambamo u ni kasi ya kuanzia, a ni mchapuko na t ni muda; s nitaieleza baadaye. Ukaweka u = 20. Mchapuko wa graviti ukaukadiria kuwa 10 na, kwa kuwa jiwe linaelekea juu ilhali graviti inavuta chini, ukauwekea alama ya hasi. Hapo ulifanya vizuri sana, wengi huanguka hapo. Kisha ukaona jengo lina mita 25, ukaandika s = 25. Ukapata:

25 = 20t − 5t²

Ukahamishia yote upande mmoja, ukagawanya kwa 5:

t² − 4t + 5 = 0

Ukaingia kwenye kanuni ya milinganyo ya kwadratiki, na chini ya alama ya kipeuo ukakuta 16 − 20, yaani hasi 4. Hakuna namba halisi ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata hasi 4. Kikokotoo kikaandika kosa, nawe ukaandikia watu upate jibu.

Mwanangu, kikokotoo hakikukosea, na aljebra yako haina doa. Umejibiwa sawasawa na ulivyouliza. Tazama vizuri ulichouliza. Katika kanuni ile, s si urefu wa jengo. s inasema jiwe liko wapi ukilipima kuanzia pale liliporushwa. Wewe mwenyewe ulishaamua kwamba juu ni chanya, ndiyo maana graviti ukaipa hasi. Basi s = 25 maana yake ni mita 25 juu ya mkono uliolirusha. Mlinganyo wako ulikuwa unauliza: baada ya sekunde ngapi jiwe litakuwa mita 25 juu ya paa?

Pima mwenyewe kama linaweza kufika huko. Chukua v² = u² + 2as, ambamo v ni kasi ya jiwe likifika mahali s. Likifika juu kabisa, v ni sifuri: 0 = 400 − 20s, kwa hiyo s = 20. Jiwe linapanda mita 20, linasimama kitambo kisichopimika, linaanza kurudi. Mita 25 halifiki kamwe. Ile hasi 4 ilikuwa inakueleza jambo la kweli kuhusu jiwe lako: wakati huo unaoutafuta haupo.

Nimefundisha somo hili mara nyingi nisizoweza kuzihesabu na bado hapa moyo wangu huenda mbio. Alama ndogo chini ya kipeuo inajua kwamba jiwe halifiki.

Basi tuulize tulichokusudia. Ardhi iko chini ya paa, mita 25 kuelekea upande ule tuliouita hasi. s = −25.

−25 = 20t − 5t²

t² − 4t − 5 = 0

(t − 5)(t + 1) = 0

t ni 5 au −1. Jiwe linafika chini baada ya sekunde 5. Hilo ndilo jibu uliloniomba, na ukitaka kulihakiki lirudishe kwenye mlinganyo: 20 mara 5 ni 100, toa 5 mara 25 ambayo ni 125, unabaki na −25. Limekubali.

Lakini usifunge daftari bado. Ile −1 wanafunzi wengi huipiga mstari haraka na kuandika "muda hauwezi kuwa hasi", kisha wanaendelea na swali linalofuata. George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Budapest, alipoandika mwaka 1945 kuhusu namna ya kutatua maswali, aligawa kazi katika hatua nne: elewa swali, panga njia, tekeleza, kisha tazama nyuma. Hiyo ya nne ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo tamu kuliko zote. Tutazame nyuma basi. Mlinganyo haujui kwamba kuna mkono uliolishika jiwe juu ya paa. Unaijua njia ya jiwe tu. Ukiifuata njia hiyo kurudi nyuma, kabla ya kurushwa, unaona kwamba jiwe hilohilo lingeweza kuwa limetoka ardhini sekunde 1 kabla. Kwa kasi gani? Mita 30 kwa sekunde. Pima: likitoka chini kwa 30, baada ya sekunde 1 kasi imebaki 30 − 10 = 20, na limepanda 30 − 5 = 25. Ndipo paa lilipo, na ndiyo kasi uliyopewa kwenye swali. Namba uliyotaka kuifuta inaeleza mwanzo wa safari ambao swali halikuutaja.

Sasa fikiri kaka yako angekusaidiaje. Angeandika −25, wewe ungeinakili, daftari likapata vema. Kesho mtihani ukileta mtu anayerusha jiwe kutoka chini ya kisima badala ya juu ya jengo, ungeandika −25 tena kwa sababu "hivyo ndivyo tulivyofanya", na safari hii ingekuwa kosa. Ulichokosa ni kujua s inapimwa kuanzia wapi. Jambo hilo moja linafungua nusu ya maswali ya mwendo, na halikuonekana kwenye picha uliyotuma.

Kwa hiyo siku nyingine usiandike "nisaidieni namba 7". Andika hivi: "Jiwe linarushwa juu kutoka paa la mita 25 kwa kasi ya 20. Nimechukua juu kuwa chanya, u = 20, a = −10, s = 25. Nimefika t² − 4t + 5 = 0, chini ya kipeuo napata hasi 4. Aljebra nimeirudia mara mbili, iko sawa. Nadhani tatizo liko mwanzoni, nilipoweka s, lakini sioni kwa nini." Mtu akipokea ujumbe huo hahitaji hata kalamu. Atakuuliza neno moja: "Ardhi iko upande gani?" Na mara nyingi hutafika mwisho wa kuandika. Wanafunzi wengi wamekuja mezani kwangu na daftari wazi, wakaanza kunieleza walichofanya, wakafika katikati ya sentensi wakanyamaza, wakachukua daftari lao wakaondoka. Mimi sikuwa nimetamka kitu.

Utaniambia: mwalimu, kuna maswali ambayo hata hapo sifiki, natazama tu ukurasa mweupe. Naamini, na hali hiyo ina namna yake. Anza kwa kuliandika swali upya kwa maneno yako, bila kutazama kitabu. Ukishindwa, umekwama kwenye kusoma, bado hujafika kwenye hesabu, na hapo uliza neno: "wima" maana yake nini, "kinyume na uwiano" maana yake nini. Hakuna aibu. Ukiweza, chora. Hata mstari mmoja wa paa, mmoja wa ardhi na mshale. Ungechora jiwe hili usingeandika s = 25, kwa sababu mshale wa kwenda ardhini ungekuona unausahau.

Kisha orodhesha ulichopewa, kila namba na kizio chake na alama yake. Naomba uwe mkali hapa. Namba iliyovuliwa kizio haisemi kitu, na inaweza kuua. Mwezi wa saba mwaka 1983 huko Kanada ndege aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani kwa sababu ya hesabu ambayo wewe ungeiweza. Walihitaji mafuta ya kilo 22,300. Katika kugeuza lita kuwa uzito walizidisha kwa 1.77, namba inayotoa ratili, wakaisoma hesabu yao kama kilo. Namba ya kilo ilikuwa karibu na 0.8. Wakaruka na chini ya nusu ya mafuta waliyodhani wanayo. Marubani waliishusha ndege ikielea bila injini mpaka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi mjini Gimli, na hakuna aliyekufa. Kuzidisha kwenyewe kulikuwa sahihi kabisa, kama aljebra yako ilivyokuwa sahihi.

Jambo jingine ambalo limenichukua miaka kuliona: mara nyingi mtu anayeniambia amekwama kwenye kemia hajakwama kwenye kemia. Umepewa gramu 10 za kalisi kaboneti, CaCO₃, zinapashwa moto mpaka zote zivunjike. Unaulizwa zitatoa gramu ngapi za kaboni dayoksaidi. Mwanafunzi anajua kutafuta uzito: CaCO₃ ni 100, CO₂ ni 44. Anajua mlinganyo, moja inatoa moja. Anafika kwenye "gramu 100 zinatoa 44, je 10?" na hapo anaganda, kwa kuwa uwiano ulimpita akiwa shule ya msingi na tangu hapo hakuna aliyerudi kumchukua. Jibu ni gramu 4.4. Lakini ukimpa 4.4 hujamsaidia, na ukimrudishia somo la moli, kile kizio cha kemia cha kuhesabia chembe, mara kumi hujamsaidia pia. Anahitaji siku mbili za uwiano. Kwa hiyo ukiutafuta mstari uliokukwamisha, usishangae ukikuta ni sehemu, mabano au alama za hasi ulizosoma zamani. Rudi huko bila kuona haya. Ni njia fupi kuliko zote.

Kwenye kemia hiyo hiyo kuna namna ya kuuliza ninayoipenda sana, nayo ni kuuliza kwa nini njia yako haifai. Chukua mtu anayesawazisha haidrojeni na oksijeni kupata maji, akaandika H₂ + O₂ → H₂O₂. Hesabu atomi: mbili na mbili kila upande. Imesawazika. Akiuliza "nisawazishieni", atapewa 2H₂ + O₂ → 2H₂O, atanakili, na wiki ijayo atarudia kosa lake. Akiuliza "hii yangu imesawazika, mbona mnasema si sahihi?", atajibiwa kwamba ile namba ndogo ni sehemu ya jina la kitu, ukiibadilisha umetengeneza kitu kingine, na H₂O₂ ni haidrojeni peroksidi, si maji. Unachoruhusiwa kubadilisha ni idadi ya molekuli. Jibu hilo halisahauliki, kwa sababu limegusa sababu yake mwenyewe ya kukosea.

Kuhusu muda wa kuhangaika kabla ya kuuliza, mimi huwapa wanafunzi wangu kama robo saa, lakini robo saa ya kalamu. Kulikodolea swali macho hakuhesabiki. Ukiwa umeandika majaribio mawili tofauti na yote yamekwama, nenda kaulize.

Umetaja akili mnemba, na sitakuambia uiache. Ila elewa tofauti yake na kaka. Kaka huchoka, hukuambia "jaribu kwanza", na katika kuchoka kwake huwa kuna msaada. Programu hii haichoki na haitakunyima jibu usipoizuia. Izuie wewe. Iandikie hatua zako zote, uiambie: usinipe jibu, nionyeshe mstari wa kwanza wenye kosa na uniulize swali moja kuuhusu. Na usiiamini kwa sababu imeandika kwa ufasaha. Huweza kukosea hesabu kwa lugha nzuri kabisa. Chochote ikupacho kirudishe kwenye mlinganyo kama tulivyofanya na ile 5. Hesabu ina uzuri huu, kwamba unaweza kumkagua anayekusaidia hata kama anajua kuliko wewe.

Kaka naye nina neno naye, mwonyeshe hapa. Kaka, asante kwa kumsaidia mdogo wako. Ombi langu ni moja: usishike kalamu. Akikuletea swali, mwambie akusomee, kisha akueleze amefanya nini. Ukiona kosa usilitaje. Muulize kuhusu mstari ule, na ukishauliza nyamaza. Ukimya huo ni mgumu, najua, hasa akianza kukutazama usoni kutafuta jibu. Uvumilie. Sekunde thelathini za ukimya zimewafundisha wanafunzi wangu zaidi ya maelezo yangu mengi.

Limebaki la baada ya kusaidiwa, na naona hapa ndipo alama zako za mtihani zinapopotelea. Ukishaelewa maelezo, funga kila kitu. Kesho yake, kwenye karatasi tupu, lifanye swali lilelile tangu mwanzo bila kuchungulia. Ukishindwa usijilaumu, umegundua mapema kwamba kuelewa kwa jana kulikuwa kwa kuazima. Tazama mstari ule tu uliokukwamisha, funga tena, endelea. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu makala fupi za sayansi. Kundi moja lilisoma makala mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha mara tatu likaandika linachokikumbuka bila kutazama. Dakika tano baadaye waliosoma mara nne ndio waliokumbuka zaidi. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: wao walikumbuka kama asilimia 40, na wale waliojipima kama asilimia 61. Yalikuwa makala ya kusoma, hayakuwa maswali ya hesabu, lakini nimeyaona yaleyale kwa macho yangu kwenye milinganyo. Jioni unaponakili jibu la kaka, wewe ni yule wa dakika tano. Mtihani unakuja baada ya wiki.

Naomba pia uanze daftari dogo la pembeni, tofauti na lile la vema. Humo usiandike majibu. Andika mstari mmoja kwa kila swali lililokukwamisha: nilikwama wapi, na nini kilinitoa. Kwa jiwe lako utaandika, "s hupimwa kutoka pale kitu kilipoanzia, na ina upande." Usiku wa kuamkia mtihani soma hilo tu. Litakuwa fupi kuliko kitabu chochote, na kila mstari ndani yake umekugharimu kitu.

Mwisho nakuachia moja. Paa lilelile la mita 25, jiwe lilelile, lakini safari hii linarushwa chini wima kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Litafika ardhini baada ya sekunde ngapi, na litagonga kwa kasi gani? Utapata tena majibu mawili ya muda, moja likiwa hasi. Yaweke karibu na yale ya jiwe la kwanza, uyatazame kwa muda kabla hujaniandikia, kisha unieleze umeona nini. Nitumie ukurasa mzima pamoja na mistari uliyoikata. Usifute kitu.